Mtetemo Ni Sumu na Ni Dawa: Tudai Kipimo

Mgodi wa Buzwagi, ulio karibu na mji wa Kahama mkoani Shinyanga, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, nao ukafikia mwisho wa uzalishaji wake mwaka 2021. Yale malori makubwa yaliyokuwa yakishuka na kupanda shimoni usiku na mchana, yamejaa mawe, hayaungurumi tena. Lakini, ndugu msomaji, mgodi waweza kufungwa kwa amri ya siku moja. Mwili wa mtu haufungwi hivyo. Mtu aliyekalia kiti cha lori la mawe miaka kwa miaka huondoka na malipo yake ya mwisho, na pengine huondoka pia na kitu kisichoandikwa katika karatasi ya malipo: ganzi ya vidole, mgongo usiolala usiku, na miguu isiyo na hakika inapokanyaga gizani.

Hatuyasemi haya kwa ajili ya Buzwagi peke yake. Huko Bulyanhulu, ambako dhahabu huchimbwa chini ya ardhi. Huko Geita, ambako mgodi mkubwa umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Na katika maduara ya wachimbaji wadogo yaliyotapakaa katika ukanda mzima, kazi ya dhahabu ni kazi ya kutikiswa. Anayetoboa mwamba hutikiswa mikono. Anayeendesha lori au katapila hutikiswa mwili mzima. Anayesimama kando ya karasha likisaga mawe hutikiswa kuanzia nyayo.

Sasa limeingia jambo la pili. Katika maduka ya mijini na katika maonyesho ya biashara huuzwa viti, mikanda na mabamba ya kusimamia, ambayo huutetemesha mwili kwa nguvu ya umeme. Wauzaji huvisifu vitu hivyo kwamba huamsha mishipa ya fahamu, huipa misuli nguvu, na humfanya anayeyumba asimame imara. Mfanyakazi aliyetoka mgodini ana haki ya kuuliza: je, kilichonivunja ndicho kitakachoniunga? Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Lakini hawakusema kwamba kila moto ni dawa.

Jibu letu ni hili, nasi tutalieleza hatua kwa hatua. Mtetemo ni nguvu kama zilivyo nguvu nyingine; hauna wema wala ubaya wake wenyewe. Hukumu yake imo katika kipimo: unatikisa mara ngapi kwa sekunde, kwa ukali gani, kwa muda gani, na katika kiungo kipi. Asiyekijua kipimo hicho, awe ni mwajiri au awe ni muuza mashine, hana ruhusa ya kuutikisa mwili wa mtu.

MWILI HUJIBU VIPI?

Ndani ya misuli yetu mna vihisi vidogo sana, ambavyo kazi yake ni kupima msuli umevutwa kiasi gani na kwa kasi gani. Habari hizo hupitia katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo, na jibu hurudi papo hapo: msuli ukivutwa ghafla, hujikaza. Ndiyo sababu daktari akikugonga chini ya goti kwa nyundo yake ndogo, mguu huruka bila wewe kuuamuru. Mtetemo ni mfano wa nyundo hiyo, ila hugonga mara makumi kwa kila sekunde. Kila pigo huuvuta msuli kidogo, kila mvuto hupeleka habari, na mwishowe msuli hukaza wenyewe bila mwenye nao kukusudia. Mambo haya yalielezwa na wataalamu wa Sweden, Hagbarth na Eklund, mwaka 1966.

Mwaka 1972 wataalamu Goodwin, McCloskey na Matthews walionyesha jambo la ajabu zaidi. Mtu asiyeuona mkono wake, ukiitetemesha kano ya mkono huo, huhisi kwamba mkono unasogea hali umetulia pale pale. Maana yake ni kwamba mtetemo una uwezo wa kuudanganya ubongo juu ya mahali kilipo kiungo.

Kutokana na ukweli huo mmoja huzaliwa matumaini na hatari pia. Matumaini ni kwamba msuli uliolegea kwa kiharusi waweza kuchochewa ukaze, na msuli uliokakamaa waweza kulegezwa kwa kutetemesha ule unaopingana nao. Ipo nafuu iliyoonekana kwa njia hiyo, hasa panapoambatana na mazoezi, ingawa mara nyingi ni nafuu ya muda. Hatari ni kwamba mchimbaji aliyeshika mashine ya kutoboa mwamba hukaza vidole kuliko anavyohitaji, wala hajui kwamba anakaza. Na kadiri anavyokaza, ndivyo mtetemo unavyozidi kupenya mikononi mwake.

Tutazame na usawa wa mwili. Mtu husimama wima kwa ushahidi wa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Ubongo huwasikiliza wote watatu ndipo uamue. Uzee, kisukari au ajali humfanya shahidi wa tatu aseme kwa sauti ya chini. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, Marekani, waliwasimamisha wazee juu ya soli zenye mtetemo hafifu sana, usiohisiwa na mwenye kusimama. Wazee wale waliyumba kidogo kuliko walipokuwa bila mtetemo. Ni kana kwamba ule mtetemo hafifu uliisukuma sauti ya shahidi mpaka ikasikika.

Lakini mtetemo mkali wa muda mrefu humfanya shahidi huyo huyo aseme uongo. Tumfikirie dereva anayeshuka ngazi ya lori baada ya zamu ya saa 12. Macho yake yamechoka, na hisia za miguu yake bado zimevurugika kwa kutikiswa kutwa kucha. Huyo yafaa asimame chini dakika chache, anyooshe viungo, kabla hajaruka mtaro au kuinua mzigo. Huo si uvivu. Ni kuungoja mwili upate tena habari zake za kweli.

KITI CHA PARIS

Kuutumia mtetemo kama tiba si jambo la jana. Katika karne ya 19, daktari mashuhuri wa mishipa ya fahamu huko Paris, Jean-Martin Charcot, aliwasikia wagonjwa wa kutetemeka, yaani wenye ugonjwa wa Parkinson, wakisema kwamba safari ndefu za treni na za magari ya farasi ziliwapa nafuu. Abiria wengine walishuka wamechoka, lakini wao walishuka wamepata raha. Charcot hakuyapuuza maneno ya wagonjwa wake. Alitengenezewa kiti kilichotikisika mfano wa behewa la treni, na mwaka 1892 akaieleza tiba hiyo mbele ya wanafunzi wake. Mwaka uliofuata akafariki. Mwanafunzi wake, Gilles de la Tourette, akaiendeleza fikra hiyo kwa kofia ya kutetemesha kichwa.

Miaka 120 ilipita, ndipo madaktari wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walipoipima tiba hiyo kwa mizani ya haki. Waliwachukua wagonjwa 23 wa Parkinson na kuwagawa. Baadhi waliketi kila siku katika kiti chenye mtetemo. Wengine waliketi katika kiti cha namna hiyo hiyo na kusikilizishwa sauti za kuburudisha, bila mtetemo. Baada ya mwezi mmoja waliotetemeshwa walipata nafuu. Lakini wale wasiotetemeshwa nao walipata nafuu, na tofauti baina yao haikuonekana. Taarifa hiyo ilitolewa mwaka 2012.

Tusiwacheke wagonjwa wale, wala tusimcheke Charcot. Kupumzika, kutunzwa na kuwa na tumaini ni vitu vyenye nguvu katika mwili wa mtu. Ila kupumzika hakuhitaji mashine ya mamilioni. Anayeuza mashine hana haki ya kutoza bei ya mtetemo kwa kazi iliyofanywa na mapumziko.

Katika mwaka huo huo wa 2012, jopo la Cochrane, linalokusanya na kupima uchunguzi wa tiba duniani, liliangalia utetemeshaji wa mwili mzima kwa wenye Parkinson na maradhi mengine yanayoharibu mishipa ya fahamu. Uamuzi wake ulikuwa kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kuithibitisha tiba hiyo.

Lipo na funzo lingine, nalo latoka katika mifupa. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba kondoo waliosimamishwa juu ya bamba lenye mtetemo laini wa mara 30 kwa sekunde, dakika 20 kwa siku, kwa muda wa mwaka, waliongezeka uzito wa mfupa wa ndani ya paja kwa asilimia 34. Dunia ikashangilia. Lakini huko Toronto, Kanada, wanawake 202 waliokwisha kukoma hedhi walipofanyiwa jaribio la mtetemo laini kwa mwaka mzima, matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mifupa yao haikufaidika. Kondoo si mtu. Kwa hiyo muuzaji akikutajia ushindi, muulize kwanza: ni nani aliyepimwa, naye alilinganishwa na nani?

Hapa kwetu swali hilo lina uzito zaidi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipitia watu zaidi ya 160,000 na kukuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Nao ni ugonjwa wenye dawa ya kupunguza makali yake, iitwayo levodopa. Basi hasara ya kwanza ya mashine isiyothibitishwa si fedha, ingawa fedha za mfanyakazi ni jasho lake. Hasara ya kwanza ni siku. Mtu anayetetemeka mkono, anayekokota mguu au anayeanguka ovyo, akiitegemea mashine miezi sita, amepoteza miezi sita ya tiba.

UPANDE WA SUMU

Sasa turudi kwenye mwamba. Mwaka 1911, huko Italia, daktari Loriga alieleza habari za wafanyakazi waliotumia zana zinazoendeshwa kwa nguvu ya hewa, ambao vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton wa Marekani aliwachunguza wakata mawe wa Bedford, Indiana, akakuta maradhi hayo hayo. Kwa hiyo hakuna mwajiri wa leo awezaye kusema kwamba jambo hili lilikuwa limefichika.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya nchi za baridi. Ni kweli kwamba baridi ndiyo inayokifanya kidole kiwe cheupe, na katika nchi za joto alama hiyo huonekana kwa nadra. Lakini ganzi, kuchomachoma kwa vidole na kupungua kwa nguvu za kushika havingoji baridi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 juu ya wachimba dhahabu wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba kati ya waliofanya kazi na mashine za kutoboa mwamba, 15 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya mtetemo wa mikono. Hao ni Waafrika, na kazi yao ni ya dhahabu kama ya ndugu zetu wa Kahama na Geita.

Kipimo kipo. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, ziliweka ukomo wa mtetemo wa mikono kuwa mita 5 kwa sekunde mraba kwa kazi ya saa 8, na kumtaka mwajiri achukue hatua kuanzia nusu ya hapo, yaani 2.5. Hesabu yake yafaa ijulikane na kila kiongozi wa wafanyakazi: ukali wa mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda unaoruhusiwa hupungua mara nne. Basi mashine yenye mtetemo wa kipimo cha 20 huufikisha mkono kwenye ukomo kwa nusu saa tu. Na kiwango cha kuchukua hatua hufikiwa kwa dakika saba na nusu, kabla hata chai ya asubuhi haijapoa.

Kwa mwili mzima, ukomo huo ni 1.15, na hatua huanza kwenye 0.5. Hapa ndipo tofauti baina ya lori na bamba la tiba inapodhihirika. Mwili wa mtu aliyeketi una mtikisiko wake wa asili, wa mara 4 hadi 6 hivi kwa sekunde. Kiti kikimtikisa kwa mwendo huo huo, uti wa mgongo huupokea mtikisiko na kuukuza, mfano wa mtoto anayesukumwa bembeani kila inaporudi. Magari mazito katika barabara mbovu hutikisa kwa mwendo huo wa chini, kwa saa nyingi, na mtu ameketi. Mabamba ya tiba kwa kawaida hutetema mara 20 hadi 50 kwa sekunde, kwa dakika chache, na mtu amesimama amekunja magoti ili miguu imeze mtikisiko kabla haujafika kichwani. Hata hivyo baadhi yake huvipita vipimo vya usalama wa kazini kwa dakika hizo hizo chache. Mtu akikaza magoti, au akiongeza muda kwa kudhani kwamba dawa nyingi ni afya nyingi, amejirudisha mwenyewe shimoni.

YAPASA TUFANYE NINI?

Kwanza, tupime mikono na miguu ya wafanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara awapo kazini. Kipimo hicho kisiishie kwenye mapafu na masikio. Madaktari wanacho chombo rahisi sana, kipande cha chuma chenye ncha mbili mfano wa uma, ambacho kikigongwa hutetema mara 128 kwa sekunde. Daktari hukiweka juu ya mfupa wa kidole na kuuliza: unahisi? Umehisi mpaka lini? Hivyo mtetemo huo huo uliodhuru, na unaotajwa kuwa dawa, ndio pia unaofichua madhara yalipoanza. Chombo hicho hakihitaji umeme wala jengo kubwa.

Pili, tudai kipimo cha mashine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia Mkataba Namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unaohusu hewa chafu, kelele na mtetemo mahali pa kazi. Matawi ya vyama vya wafanyakazi migodini yaulize: mashine hii ina kipimo gani? Kiti hiki cha lori kilitengenezwa lini, na chemchemi zake zingali nzima? Barabara ya shimoni ilisawazishwa lini? Barabara iliyosawazishwa, kiti kizima, mwendo wa kadiri na kupokezana zamu ni kinga za mgongo ambazo tayari zimo mikononi mwa mgodi.

Tatu, wagonjwa wasinyamaze. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, haukuwekwa kwa ajili ya ajali peke yake, bali pia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Na miongoni mwa mafao yake imo huduma ya utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kuishi na kufanya kazi. Lakini ugonjwa usioandikwa na daktari hauna mdomo wa kudai. Anayesema ganzi yake ni uzee tu, amejinyima haki yake kwa ulimi wake mwenyewe. Na mchimbaji mdogo, ambaye hana mwajiri wa kumchangia, yampasa ajilinde maradufu: apokezane mashine na wenzake, aipumzishe mikono, aishike kwa wepesi kadiri kazi inavyoruhusu, na afike kituo cha afya ganzi inapoanza, si inapokomaa.

Nne, mtetemo wa tiba uwe mikononi mwa mtaalamu. Wataalamu wa fiziotherapia wanapatikana katika hospitali zetu kubwa, ikiwamo Bugando mjini Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Wao hutumia kwanza mazoezi: kusimama kwa mguu mmoja, kuketi na kuinuka kitini, kutembea kwa mstari, kukaza na kulegeza vidole. Mazoezi hayo yanajulikana kusaidia nguvu na usawa wa mwili, nayo hayana bei. Mtetemo, ukitumika, huja nyuma ya mazoezi kama msaidizi, wala hauchukui nafasi yake. Na wapo wasiofaa kutetemeshwa bila idhini ya daktari: mwenye mimba, mwenye mfupa uliovunjika karibuni, mwenye damu iliyoganda mishipani, mwenye kifaa cha kuendesha moyo, mwenye kifafa, na mwenye mawe ya figo. Muuzaji asiyekuuliza habari hizo kabla ya kuwasha mashine yake, mwepuke.

Ndugu wafanyakazi, hatukuandika haya ili kumkatisha mtu tamaa. Elimu ya mtetemo inaendelea, na huenda siku moja soli ya kiatu ikamzuia bibi asianguke kisimani, au kifaa kidogo kikamfungulia kijana mkono uliokunjwa na kiharusi. Siku hiyo tutafurahi. Lakini hata siku hiyo tutauliza maswali yale yale manne: mara ngapi, kwa ukali gani, kwa muda gani, na katika kiungo kipi.

Dhahabu ya Buzwagi ilipimwa kwa mizani ya gramu, na hakuna aliyekubali ikisiwe kwa macho. Miili ya watu waliofanya kazi katika mgodi ule haikuwa na thamani ndogo kuliko dhahabu. Basi nayo ipimwe.